Tairi Pacha kwa Trekta la Bustani: Anzia kwenye Ekseli

Kabla hujanunua tairi hata moja, piga jeki nyuma ya trekta, weka stendi mbili chini ya gea boksi, kisha shika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, ulitikise. Likicheza hata kwa unene wa kucha, habari ya tairi pacha iache kwanza. Tega na sikio. Habu iliyolegea haipigi kelele kubwa. Inatoa mlio mdogo mkavu, tk, kama mtu anayegonga ulimi. Ukiusikia leo kwenye gurudumu moja, ukiongeza la pili utausikia tena ukiwa katikati ya mteremko.

Naanza hapa kwa sababu wengi wetu huanzia upande wa pili. Mtu anaona trekta kwenye maonyesho, limepakwa rangi mpya, limekaa na matairi manne nyuma kama Fuso, anarudi nyumbani akiwaza matairi. Matairi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi yenyewe iko kwenye kipande cha chuma chenye unene wa dole gumba kinachochomoza ubavuni mwa gea boksi.

Matrekta ninayoyazungumzia si Massey Ferguson wala pawatila. Ni yale madogo ya kupanda, yaliyotengenezwa Marekani kwa watu wenye eka moja au mbili kuzunguka nyumba: kukata majani, kusukuma theluji, kuvuta plau ya jembe moja. Wheel Horse ni ya South Bend, Indiana, kampuni aliyoianzisha Elmer Pond na mwanawe Cecil mwaka 1946. Cub Cadet ililetwa na International Harvester mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikiwa na injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7. John Deere 110 ilitoka mwaka 1963 katika kiwanda cha Horicon, Wisconsin. Mengi yana zaidi ya nusu karne na bado yanafanya kazi, maana gea boksi zake ni za chuma cha kumimina na injini unaifungua kwa spana za kawaida. Huku Pennsylvania ninakoishi hayakosi kwenye minada ya mashambani. Nilipomtumia kaka yangu aliye Iringa picha ya Wheel Horse yangu, aliuliza kama ni trekta au zawadi ya Krismasi ya mtoto. Nikamjibu lina kilo mia tatu na ushee, aje alinyanyue.

Sasa, kwa nini tairi pacha? Sababu za kweli ni tatu. Ya kwanza ni mteremko: ukipita kwa ubavu, trekta lililopanuka halipinduki upesi. Ya pili ni ardhi laini. Uzito uleule ukigawanywa kwa matairi manne, kila tairi linabonyea kidogo, na majani ya uwanjani hayaachiwi mifereji. Ya tatu ni urembo, na sioni haya kuitaja. Nguvu ya kuvuta ninaiweka kando kwa makusudi. Tairi pacha haziongezi nguvu ya injini, na mshiko wanaousifia watu unategemea zaidi uzito ulioko juu ya tairi kuliko idadi ya matairi. Kama shida yako ni tairi kuzunguka bure ukivuta plau, funga vyuma vya uzito kwenye rimu, au weka minyororo. Utatumia fedha kidogo na ekseli itakushukuru.

Tuirudie hiyo ekseli. Chukua mfano wa mkono wako mwenyewe. Ndoo ya maji ukiibeba karibu na kiuno unatembea nayo hadi nyumbani; ukinyoosha mkono mbele, hatua kumi ni nyingi. Tairi la ndani linalibeba trekta karibu na kiuno. Kutoka beringi ya mwisho hadi katikati ya tairi hilo, kwa mfano, kuna sentimita 6. Tairi la nje, kwa vipimo nitakavyovieleza chini, litakuwa sentimita 31 kutoka beringi. Trekta likiwa kwenye tambarare, matairi mawili yanagawana mzigo na mambo ni shwari. Lakini uwanja una vichuguu na mizizi. Tairi la nje likipanda kichuguu, la ndani linaning'inia, na kilo 120 zote za upande ule zinahamia nje. Zidisha 120 kwa 6, halafu zidisha 120 kwa 31. Ekseli ileile inakunjwa kwa nguvu inayozidi mara tano ile iliyozoea. Si kila siku, ni kwa sekunde moja tu, lakini chuma cha mwaka 1965 hakihitaji siku nzima kupata ufa.

Hapo ndipo aina ya trekta inapokuwa na maana. Kwenye Cub Cadet za International Harvester, ekseli na sahani ya kufungia gurudumu ni kitu kimoja. Hakuna habu ya kulegea. Wheel Horse ni tofauti. Habu imevishwa kwenye ekseli, ikashikwa na kii ndogo ya chuma yenye umbo la nusu mwezi na skrubu ya kubana yenye nati yake. Ekseli zenyewe zilikuwa za inchi 1 kwenye matoleo ya zamani, baadaye zikawa inchi 1 na moja ya nane. Mpango huo unafaa kabisa kwa gurudumu moja, alimradi habu imekaza kama ilivyotoka kiwandani. Ikilegea nywele moja, kii inaanza kutafunwa.

Najua kwa sababu nilitafuna yangu. Mara ya kwanza sikupima chochote. Nilitoa bolti za magurudumu, nikaweka mahali pake vyuma virefu vyenye nyuzi, nikavivisha vipande vya bomba la maji kuwa spesa, nikafunga gurudumu la nje mwishoni. Lilipendeza sana. Nilizunguka uwanja mchana mzima, jirani akapiga picha. Jioni nikasikia ule mlio, tk, kila nilipobadilisha gea. Nilipovua gurudumu nikakuta unga wa rangi ya tofali umezunguka shina la habu, mkavu, mwepesi kama unga wa pilipili. Unga huo ni chuma kilichosuguana na chuma. Kii ilikuwa imekunjwa kama utambi, na mfereji wake kwenye ekseli umepanuka. Vile vyuma vya nyuzi vilikuwa vimepinda vyote vitano, kila kimoja kuelekea upande wake. Ekseli nyingine ilinigharimu wiki sita za kutafuta na Jumamosi mbili za kufungua gea boksi.

Kwa hiyo fanya hivi kwanza. Vua magurudumu, safisha habu na ncha ya ekseli kwa brashi ya waya, kaza ile skrubu ya kubana na nati yake. Kisha chukua rangi nyeupe, hata ya kucha inafaa, uchore mstari mmoja mwembamba unaotoka kwenye habu na kuingia kwenye ekseli. Rudisha magurudumu ya kawaida, fanya kazi na trekta saa moja au mbili, panda, shuka, geuza. Angalia mstari. Ukiwa bado umenyooka, habu imeshika. Ukikatika, vipande viwili vikapishana, kii na habu vinataka matengenezo. Angalia pia oili kwenye sili ya ekseli: unyevu wa vumbi jeusi unavumilika, tone linaloning'inia halivumiliki.

Habu ikifaulu mtihani, chukua futi kamba.

Tairi la kawaida la nyuma kwenye matrekta haya huandikwa 23x8.50-12. Namba ya kwanza ni kimo chake, inchi 23, kama sentimita 58. Ya pili ni upana, inchi 8 na nusu. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu. Lakini usiamini maandishi peke yake. Jaza upepo, shusha trekta chini, umwombe mtu mzima akae kwenye kiti, halafu pima upana wa tumbo la tairi pale linapogusa ardhi. Tairi lililobeba mzigo hufura. Kati ya matumbo mawili mimi huacha inchi 1 na nusu. Ukiacha pungufu ya hapo, jiwe litabanwa katikati na kulisaga tairi ubavuni, na tope likikauka humo utalitoa kwa nyundo na patasi. Inchi 8 na nusu jumlisha moja na nusu ni inchi 10, sawa na milimita 254. Huo ndio umbali kutoka katikati ya tairi la ndani hadi katikati ya tairi la nje. Uandike mahali.

Sasa mbonyeo. Sahani ya rimu, ile yenye matundu ya bolti, haikai katikati ya rimu; imesogea upande mmoja. Laza ubao ulionyooka juu ya midomo ya rimu, upime kutoka kwenye ubao hadi usoni mwa sahani. Tuseme ni milimita 50. Pima upana wote wa rimu, mdomo hadi mdomo, tuseme 200. Nusu yake ni 100. Toa 50, unabaki na 50: sahani iko milimita 50 nje ya mstari wa katikati. Huo ndio mbonyeo wako.

Ukilifunga gurudumu la nje likitazama upande uleule kama la ndani, spesa itabidi iwe na urefu wote wa milimita 254. Ukiligeuza, magurudumu mawili yatazamane uso kwa uso kama watu wanaosalimiana, kila moja linachangia mbonyeo wake. Toa 50 mara mbili: spesa inakuwa milimita 154. Umeokoa sentimita 10 za chuma, na spesa fupi haiyumbi. Mimi hugeuza daima.

Ila kugeuza kuna gharama zake mbili ambazo hakuna aliyeniambia. Ya kwanza ni kiti cha nati. Matundu ya rimu nyingi yamebonyezwa kwa umbo la koni upande wa nje, ili bolti au nati ya koni ijikalishe yenyewe katikati. Ukigeuza rimu, koni hiyo inabaki upande usio na nati. Ukikaza nati ya koni juu ya uso wa nyuma, inashika ukingo tu, na baada ya wiki imelegea. Tumia nati bapa na wosha nene ya chuma kigumu, na kazi ya kuliweka gurudumu katikati uiachie sehemu nyingine, nitaieleza. Gharama ya pili ni vali. Vali zote mbili zitakuwa zinatazama ndani ya lile pengo. Kabla ya kufunga gurudumu la nje, hakikisha kichwa cha pampu kinafika, au nunua vali za shingo ndefu. Nimewahi kuvua gurudumu zima ili kujaza upepo. Si siku ninayopenda kuikumbuka.

Kuunganisha kuna njia tatu za kufaa. Ile ya vyuma vya nyuzi na vipande vya bomba siihesabu.

Njia ya kwanza ni spesa za magari. Wheel Horse na Cub Cadet zina bolti tano kwenye duara la inchi 4 na nusu, yaani milimita 114.3, namba ambayo mwenye RAV4 au Mark X anaijua vizuri. Spesa za alumini za mpango huo zinapatikana, zikiwa na stadi zake tayari, lakini nyingi ni fupi: inchi 2, mara chache 4. Zitakufaa kama rimu zako zina mbonyeo mkubwa. Mbonyeo ukiwa milimita 75, hesabu yetu inataka spesa ya 104, na ya inchi 4 ina 102, hapo umepona. Usipandanishe spesa mbili. Angalia pia tundu la katikati, maana ncha ya ekseli ya trekta inaweza kuchomoza kuliko ya gari. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba zake zinaingia kwenye chochote. Ziliingia kwenye chochote isipokuwa trekta langu.

Njia ya pili ni ya kubana. Pete pana ya chuma inakaa kati ya rimu mbili, ikiegemea midomo yake, na kulabu ndefu zenye nyuzi zinalivuta gurudumu la nje dhidi ya la ndani. Uzuri wake ni kwamba hugusi bolti za habu hata moja, na unavua gurudumu la nje kwa dakika chache. Ubaya ni kwamba rimu za matrekta haya ni bati nene tu. Kulabu zikichomelewa mahali pasipo na kiraka cha chuma, zinachanika zikiondoka na kipande cha rimu. Ukikuta seti ya zamani ya namna hii kwenye mnada, ichunguze kwenye kona za kila mshono kabla hujainua mkono.

Njia ya tatu ni kutengeneza spesa yako, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye fundi mzuri wa kuchomelea na wa kukereza karibu. Spesa ni kipande cha bomba katikati ya sahani mbili za chuma, kama kibiringo cha uzi. Sahani ziwe na unene wa milimita 10 na kipenyo cha 150. Bomba ndilo linalowakosesha watu. Kila mtu hufikiria bomba la inchi 4 kwa sababu linaonekana imara. Pima kipenyo chake cha nje: milimita 114, sawasawa na duara la bolti! Matundu yatatua juu ya ukuta wa bomba. Ukishuka kwenye la inchi 3, lenye milimita 89 kwa nje, matundu yanapita, lakini ukishachomelea hakuna nafasi ya soketi kati ya mshono na kichwa cha bolti. La inchi 2 na nusu, lenye milimita 73, ndilo linalofaa. Kutoka katikati ya bolti hadi ubavu wa bomba unapata milimita 20, mshono unakula 6, soketi inaingia bila kukwaruza. Chagua lenye ukuta wa milimita 5 au zaidi.

Swali linalofuata: utakazaje bolti za sahani ya ndani wakati sahani ya nje inakuzibia? Bolti za Wheel Horse zinaingia kwenye habu kutoka nje, hivyo soketi lazima ifike moja kwa moja. Jibu ni kuizungusha sahani ya nje digrii 36. Matundu matano yanaachana digrii 72. Ukiisogeza sahani nusu ya hapo, mbele ya kila bolti ya ndani kunakuwa na chuma kitupu. Toboa hapo tundu la milimita 28, soketi na kiungo chake virefu vipite. Kati ya tundu hilo na tundu la stadi panabaki kama milimita 15 za chuma, zinatosha. Sahani inakuwa na matundu kumi, matano madogo na matano makubwa, yakipishana. Fundi wangu aliipenda ile sahani hata kabla ya kuichomelea. Aliishika kwenye mwanga kama mtu anayekagua kitambaa.

Bolti mpya ziwe ndefu kwa milimita 10 kuliko za mwanzo, maana sahani ya spesa imeongezeka, na ziwe za chuma kigumu. Bolti za Kimarekani zina mistari kichwani: mitatu ni ya kadiri, sita ni kali zaidi. Za milimita huandikwa 8.8 au 10.9. Isiyo na alama yoyote itumie kwenye banda la kuku. Kwenye Wheel Horse nyuzi ni za 7/16, ishirini kwa inchi. Bolti za milimita hazitaingia hata ukizibembeleza, na ukizilazimisha utaua nyuzi za habu.

Kuhusu kuliweka gurudumu katikati: kwa kuwa umepoteza viti vya koni, mwambie fundi wa kukereza aache mdomo wa milimita 4 au 5 katikati ya kila sahani, kwa nje, unaoingia kwa kubana kidogo kwenye tundu la katikati la rimu. Mdomo ndio utakaoshika katikati. Bolti zinabaki na kazi ya kubana tu. Hili linataka sahani zikerezwe baada ya kuchomelewa, siyo kabla. Joto la kuchomelea hupindisha chuma hata kwa fundi hodari. Ashike kwa nukta nne zinazokabiliana, apime, achomelee kwa zamu pande zote, aache vipoe vyenyewe bila maji, ndipo avipeleke kwenye mashine. Spesa mbili zangu zilitoka kwenye kuchomelea zikiwa zimepinda nusu milimita. Nusu milimita kwenye spesa inakuwa karibu milimita 2 kwenye ukingo wa tairi, na unaona kwa macho tairi likitembea kama bata.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya saa moja. Futa rangi na kutu mahali pote ambapo chuma kinaegemea chuma, maana rangi ikishasagika bolti inabaki haina cha kubana. Kaza kwa kuruka, moja hadi ya tatu hadi ya tano, mizunguko mitatu, kila mzunguko ukiongeza nguvu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Kabla hujashusha trekta, zungusha magurudumu kwa mkono huku umeegesha kipande cha waya karibu na tairi, uone kama pengo linabadilika.

Halafu meno. Ukitumia matairi yenye meno ya mshale, yana upande wa kwenda. Simama nyuma ya trekta: meno yaonekane kama paa la nyumba, ncha juu. Kwa kuwa gurudumu la nje umeligeuza, meno yake yanageuka pia. Dawa ni ndogo: gurudumu lililofungwa tairi kwa ajili ya upande wa kushoto lipeleke kulia, na la kulia lipeleke kushoto. Matairi yote manne yalingane kimo. Usichanganye mapya na vipara. Funga kamba kulizunguka kila tairi upime. Yakitofautiana zaidi ya sentimita moja na nusu kwa mzunguko, moja litakuwa linaburuzwa daima.

Upepo. Matairi haya hutumia kidogo sana kulinganisha na gari, kati ya psi 6 na 12 kutegemea mzigo. Ndani naweka 10, nje 7. Hii ni hukumu yangu, si amri ya kiwandani, na msingi wake ni ile hesabu ya ndoo. Tairi laini la nje likikutana na kichuguu linabonyea kabla halijaikunja ekseli. Kwa sababu hiyohiyo, maji au vyuma vya uzito viweke kwenye magurudumu ya ndani tu.

Sasa utaishi na trekta jingine. Langu lilikuwa na upana wa sentimita 94, nje kwa nje; limekuwa 145. Mlango wa banda haukuafiki, na trela la futi 5 linaniachia vidole vinne jumla. Pima mlango, geti na trela kabla, siyo ukiwa umekwama katikati yake. Sahani ya kukatia majani ya inchi 42 ina sentimita 107, kwa hiyo matairi ya nje yatakuwa yanakanyaga majani ambayo bado hujayakata, na kando ya ukuta au mti hutafika. Ukitaka kulima kwa plau, vua magurudumu ya nje, maana moja la ndani linatakiwa litembee ndani ya mtaro na pacha wake hana pa kuingia. Kwenye theluji nilitarajia makubwa. Nikakuta tairi pana linaelea juu, wakati jembamba lenye mnyororo linachimba hadi ardhini na kushika. Kona nazo zimekuwa nzito. Matairi mawili ya upande mmoja yamefungwa pamoja, hayawezi kupishana mwendo kwenye kona kali, hivyo moja linasugua na kung'oa majani. Geuza kwa duara kubwa, mwendo mdogo.

Mteremko ndio uliotuleta, na ndio wa kuogopwa. Vitabu vingi vya matrekta ya kukata majani huweka mpaka wa digrii 15, yaani ardhi inayopanda sentimita 27 kwa kila mita moja. Laza ubao wa mita moja na pima maji uone mwenyewe. Ukishafunga tairi pacha utajisikia kama umeketi kwenye mkeka, na mwili utakushawishi upande pale ambapo mwaka jana hukuthubutu. Usipande. Matrekta haya hayana fremu ya kukinga dereva, na tairi pacha hazizuii trekta kubiringikia nyuma likipanda kwa kichwa.

Baada ya saa ya kwanza ya kazi kaza bolti zote tena, za ndani na za nje. Utashangaa ni ngapi zitakubali robo mzunguko. Baada ya saa tano rudia, halafu kila mwanzo wa msimu. Na ule mstari wa rangi nyeupe kwenye habu usiufute. Mimi huutazama kila ninapojaza mafuta, kwa kuinama tu, injini ikiwa imezimwa na mkono mmoja uko kwenye tairi.